Ngozi ya mchimbaji haizeeki bure: tudai maji ku mlango wa karieri

Ku depo za Musompo, pembeni ya Kolwezi, kuna mchezo ambao sisi wote tunaujua. Kijana anashuka ku pikipiki na mifuko yake, vumbi ya shimo ingali ku uso, na watu wa kilo wanamwita "vieux". Wanaanza kukisia miaka yake: mmoja anasema makumi ine na tano, mwingine makumi tano. Yeye anacheka, anatoa karte ya elekteri, na karte inasema alizaliwa mwaka wa 1992. Watu wanacheka tena. "Njo kazi, papa," wanamwambia, na maneno yanaisha hapo.

Sisi pia tumecheka. Lakini yule kijana, siku atakayokwenda kutafuta kazi ku kampuni ya sutretansi, wakati watu wanachaguliwa kwa macho ku mlango, uso ule utamweka nyuma ya wengine. Na akifika miaka 50 ya kweli, mikono yake itakuwa imepasuka hata kushika kijiko kunauma. Kwa hiyo tunauliza swali ambalo ku Musompo halijulizwi: ni nini hasa kilichomzeesha?

Jibu letu ni hili. Uzee wa ngozi unatoka ku njia mbili. Njia ya kwanza ni miaka na damu tuliyozaliwa nayo. Hapo hakuna wa kushtaki. Njia ya pili ni vitu vyote vinavyogusa ngozi tangu utoto mpaka kaburi: jua, vumbi ya mawe, maji ya kusafishia mawe, asidi, moshi, na tuseme kweli, hata tube za kremu tunazonunua sisi benyewe. Kwetu huku mu mines, njia ya pili ni pana kuliko ya kwanza. Ni jeraha la kazi linalokuja polepole, na jeraha la kazi lina mtu wa kulijibia.

Tuanze na ngozi yenyewe, juu bila kuijua hatuwezi kuitetea. Sehemu yake ya juu inajibadilisha: kila mwezi hivi, selule za zamani zinaanguka na mpya zinapanda. Ndiyo maana mtu anaweza kujidanganya kwamba ngozi inasamehe yote. Lakini chini yake kuna sehemu nyingine, na mule ndani kuna nyuzi zinazoitwa kolajeni. Kazi ya nyuzi hizo ni kama ya miti ile tunayosimamisha ku kuta za shimo ili udongo usitufunike. Mti ukioza, shimo haliporomoki siku ile ile. Linaanza kulegea, linapata nyufa, na siku moja kila mtu anaona. Kolajeni nayo inakatika kidogo kidogo miaka makumi mbili, na sisi tunashangaa mwaka mmoja tu: "Papa amezeeka gafula!" Hakuzeeka gafula.

Anayekata miti hiyo kupita wote ni jua. Tunajua kuna msomaji atakayesema: jua ni tatizo la wazungu, sisi Mungu alitupa rangi. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka wa 1979 wataalamu wa Marekani walipima ngozi ya watu weusi na ya watu weupe mbele ya mionzi ya jua, ile ya aina B ambayo inaunguza. Walikuta ngozi nyeusi inatoa kinga ya kiasi cha mara 13, na nyeupe mara 3 na kitu. Kinga ya mara 13 ni kitu kikubwa, lakini siyo ukuta. Na kuna mionzi mingine, ya aina A, ambayo haiunguzi, haiumi, na inaingia ndani zaidi mpaka ku kolajeni. Hiyo inapita hata mu kioo cha gari.

Ba dereva wetu wa malori kati ya Kolwezi na Kasumbalesa wasikilize habari hii. Mwaka wa 2012 gazeti moja kubwa la madaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa picha ya dereva mwenye miaka 69. Alikuwa ameendesha lori miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa mzee wa kawaida. Upande wa kushoto, ule wa dirisha, ngozi ilikuwa imenenepa, imejikunja mikunjo mirefu, ungesema ni watu wawili wameunganishwa pua. Mtu ni yule yule, miaka ni ile ile, damu ni ile ile. Kilichotofautisha ni dirisha. Yeye alikuwa mzungu, ngozi yake iliathirika upesi kuliko yetu. Lakini picha ile inafunga mdomo wa kila anayesema ngozi inazeeka kwa miaka tu.

Tena jua la kwetu siyo jua la mahali pote. Lubumbashi iko ku mita kama 1200 juu ya bahari, Kolwezi inapita 1400. Kila mita 1000 unazopanda, mionzi inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Na mwezi wa kumi, mbele mvua haijaanza kabisa, jua la saa sita linasimama juu ya vichwa vyetu kabisa. Wakati ule mama anayechagua mawe hana kivuli hata cha mti, kwa sababu miti ilikatwa kwa makala.

Ku ngozi nyeusi, uharibifu huu hauanzi na mikunjo. Unaanza na rangi: madoa meusi ku mashavu na ku paji la uso, shingo inakuwa na rangi yake, mikono na rangi yake. Ngozi inakauka, inakuwa kama karatasi ya simenti. Vile vipele vidogo vyeusi vinavyoota ku mashavu ya wazee havimo mu hesabu hii. Vile ni vya ukoo na havina ubaya, tuviache, tusivichome na kitu chochote.

Kwa watoto wetu wenye ualbino hatuzungumzi tena uzee, tunazungumza maisha. Wao hawana ile kinga ya mara 13. Kansa ya ngozi inaweza kuwashika wakiwa vijana. Mtoto mwenye ualbino anayekaa na mama yake juani ku mtoni mahali wanaposafisha mawe, anaandaliwa jeneza. Neno ni kali, tunalijua, na tunaliacha vile lilivyo.

Sasa tuingie mu vumbi. Jiwe letu la kobalti, heterojeniti, lile jeusi, likivunjwa linakuwa unga laini sana. Unga huo ukikutana na jasho, kobalti inayeyuka kidogo na kuingia mu ngozi. Kwa watu wengi haionyeshi kitu. Kwa wengine, mwili unaifahamu kama adui. Mwaka wa 2016 chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani wanaochunguza magonjwa ya kugusana kiliichagua kobalti kuwa kitu cha mwaka kinacholeta alerji. Kule wanaikuta mu mikufu, mu rangi, mu simenti, mu vitu vidogo vidogo. Sisi tunalala nayo mu nyumba.

Alama zake wengi watazitambua: kuwashwa ku viwiko vya mikono, kati ya vidole, ku shingo mahali kola inaposugua, ku kiuno chini ya mkanda, ku miguu mahali buti inapoishia. Ngozi inakuwa nyekundu au nyeusi zaidi, inatoa maji, inapasuka, halafu inanenepa kama ngozi ya tembo. Ukipumzika majuma mawili matatu, inapoa. Ukirudi mu shimo, inarudi. Wakubwa wengine wanaita hii "baridi ya maji" au wanasema kuna mtu amekutupia kitu. Hapana. Mwili ukiisha kuifahamu kobalti, hausahau. Alerji hiyo inabaki mpaka mwisho wa maisha, na kila mguso mpya unaiamsha. Pomadi ya ku soko inanyamazisha tu. Dawa ya kwanza ni kutoa vumbi ku ngozi kila siku mbele haijakaa.

Na vumbi haibaki ku kazi. Mwaka wa 2014 watu wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, waligundua kobalti chini ya nyumba zao, na mashimo yakachimbwa mu parsele, hata mu vyumba vya kulala. Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, pamoja na watu wa chuo cha Leuven ku Ubelgiji, walikwenda kupima mkojo na damu ya wakaaji. Matokeo yalitoka mwaka wa 2018. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi sana kuliko watu wa mtaa wa karibu usio na mashimo, na waliozidi wote ni watoto. Ku watoto wale walikuta pia alama za kuharibika kwa DNA, yaani yale maandishi ya ndani ya selule yanayoiambia namna ya kujitengeneza upya. Uchunguzi ule ulikuwa wa damu na mkojo, haukuwa wa ngozi. Lakini selule ya ngozi nayo inasoma maandishi yale yale kila mwezi inapojibadilisha. Mtoto anayeanza na kitabu kilichopasuka kurasa, tunatazamia ngozi yake iwe ya namna gani akifika miaka 40?

Walioingiza vumbi mu nyumba siyo mashimo tu. Wengi wetu tulikua tukiona salopeti ya baba ikifuliwa mu beseni moja na nguo za watoto. Baba aliporudi, mtoto wa mwisho alimrukia, akamkumbatia na vumbi yote. Lilikuwa jambo zuri, na hatusemi mtoto asimkumbatie baba yake. Tunasema baba aoge kwanza, na aoge kule, siyo huku.

Kuhusu wamama wanaosafisha mawe, tunaona watu wanasema haraka na kupita, kama vile ni kazi nyepesi. Siyo nyepesi ku ngozi. Mikono inayokaa mu maji saa nane kwa siku inapoteza mafuta yake ya asili, na mafuta yale ndiyo mlango. Mlango ukifunguka, kila kitu kinaingia: kobalti, shaba, na arseniki pia, ambayo watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waliikuta mu mkojo wa wakaaji wa karibu na mines tangu uchunguzi wao wa mwaka wa 2009. Arseniki ikiingia mwilini miaka mingi, inaacha alama zake ku ngozi: madoadoa kama matone ya mvua ku kifua na ku mgongo, na vinundu vigumu ku viganja na ku nyayo. Mama mwenye vinundu vile asiambiwe "ni kazi ya jembe". Apelekwe akapimwe. Halafu jioni mama yule yule anarudi na kuinama juu ya mbabula, moshi wa makala ku uso. Ku Ujerumani walifuata wanawake 400 wazee na kuona kwamba waliokaa karibu na moshi na masizi ya magari walikuwa na madoa na mikunjo zaidi. Ku China walikuta jambo la kufanana kwa wanawake wanaopikia makaa mu nyumba. Mu nyumba ya mchimbaji, mama hapumziki na mines hata wakati mume amelala.

Vijana wengine wana desturi ya kunawa mikono na petroli au mazuti ili kutoa uchafu. Unatoka kweli, na ngozi inatoka nayo. Tuache.

Asidi tutaisema kwa ufupi, lakini tuiseme. Malori yake yanapita mbele ya milango yetu kila siku. Mwezi wa pili 2019, ku barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la asidi ya sulfuriki liligongana na magari mengine, na watu kama 20 walikufa. Asidi ikikumwagikia, vua nguo upesi na mwagia maji mengi, mengi sana, dakika 20 au zaidi, mbele ya kutafuta gari la kwenda ku lopitali. Maji, wala si mafuta ya mawese, wala si dawa ya meno, wala si udongo. Na tunarudia: maji mengi. Ku karieri ngapi utayapata?

Tunafika sasa ku jambo ambalo litatuletea barua za hasira. Tunawaomba wamama na wadada watuvumilie, na wanaume wasicheke, kwa sababu siku hizi nao wanapaka. Mtu ambaye jua na vumbi vimempa madoa anaona aibu. Anakwenda ku soko, anauziwa tube ndogo, na majuma mawili baadaye uso unang'aa. Wote wanamsifu: "Mama, umerudi kijana!" Ndani ya tube mara nyingi kuna moja ya vitu vitatu. Kuna klobetasoli, dawa kali ya daktari ambayo ukiipaka bila kipimo inakonda ngozi mpaka mishipa inaonekana, na kidonda kidogo kinakataa kupona. Madaktari wanaopasua wanajua shida ya kushona ngozi ya namna ile. Kuna zebaki, ambayo inashuka mpaka ku figo. Na kuna hidrokinoni. Hii ya mwisho inastahili tusimame kidogo, kwa sababu historia yake ni ya ukanda wetu. Mwaka wa 1975 daktari mmoja wa Afrika ya Kusini, Findlay, aliandika juu ya wanawake weusi waliopaka kremu za hidrokinoni ili wawe weupe, na badala yake mashavu yao yakawa meusi ya bluu, na vinundu, kama ngozi iliyochomwa na baruti. Rangi ile haitoki. Afrika ya Kusini ilikataza hidrokinoni mu kremu za urembo mwaka wa 1990. Tube zenyewe zingali zinatembea, zinavuka mipaka bila pasipoti.

Kinachotuuma ni hiki: kremu inatoa ile rangi ambayo ilikuwa kinga ya mara 13, halafu mama anarudi kukaa juani ku soko au ku mtoni. Ameuza mwavuli wake wakati wa mvua. Na mwenye kumwuzia anajua.

Hatumlaumu mama. Kama kazi isingempa madoa, na kama sisi wanaume tusingesifu weupe, tube ingebaki ku meza ya mwuzaji.

Kuna alama tatu ambazo hatutaki mtu azikalie mu nyumba. Ya kwanza, kidonda kinachopita mwezi bila kupona, hasa kikiwa juu ya kovu la zamani la moto au la asidi. Ku watu weusi, kansa ya ngozi inapenda kuanzia mahali pale. Ya pili, doa jeusi linalokua ku wayo au ku kiganja. Ya tatu, mstari mweusi au kidonda chini ya ukucha. Bob Marley, ambaye kila kijana wa karieri ana picha yake ku tisheti, alikuwa na kidonda ku kidole kikubwa cha mguu. Watu walidhani ni cha kucheza mpira. Mwaka wa 1977 madaktari waliona ni kansa, ikatoka chini ya ukucha, na mwezi wa tano 1981 alikufa ana miaka 36. Sisi ambao vidole vya miguu vinapigwa na mawe kila siku tuna sababu nyingi za kusema "itapona".

Wale walio na kazi ya mshahara, mkienda ku daktari semeni waziwazi kazi mnayofanya, na mwombe aiandike mu karatasi. Ugonjwa wa ngozi unaotoka ku kazi ni jambo la CNSS, siyo la pomadi ya kununua mwenyewe. Bila karatasi hakuna ugonjwa. Kwa wachimbaji wa mikono, bakrezeri, hakuna mwajiri, kwa hiyo hakuna anayeandika kitu. Hapo ndipo tunataka kupigania.

Ku kampuni kubwa nyingi kuna duche. Mfanyakazi anaoga, anaacha salopeti mule mule, anapanda basi akiwa safi. Hawakufanya vile kwa mapendo. Walihesabu, wakaona duche ni rahisi kuliko mgonjwa. Ku karieri ya wachimbaji, mtu anatoka na vumbi, anapanda pikipiki, anafika nyumbani na vumbi. Jiwe ni lile lile, na linakwenda mu batri zile zile.

Tunajua watakayotujibu. "Hata maji ya kunywa hakuna, ninyi mnasema ya kunawa!" Ndiyo, na yote mawili tunayadai; bomba linaloleta moja linaweza kuleta la pili. "Gants zinateleza mu shimo, tena mule ni joto." Ni kweli, na hatutamdanganya mtu anayeshuka mita makumi tatu kwa kamba. Basi mu shimo achague mwenyewe, lakini wale wanaovunja, wanaochagua, wanaojaza mifuko huku juu, wanaweza kuvaa mikono mirefu na gants. "Kremu ya jua ni ya watu wenye pesa." Tunakubali kabisa. Kwa ngozi nyeusi, kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu na kivuli cha turubai vinatosha kwa sehemu kubwa. Pesa ya kremu ya jua iende kwa watoto wenye ualbino, wao ndio hawawezi kuikosa.

Na pesa iko. Sheria ya mines ya mwaka wa 2018 imesema wazi: ku redevansi ambayo kampuni zinalipa, asilimia 15 ni ya entité ya karibu, yaani komini, sekteri au sheferi ambamo mgodi unakaa. Dilala na Manika zinahusika, sekteri na sheferi za pembeni zinahusika. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na wakaaji wanakaa ku meza wakati kaye de sharji inaandikwa. Mara nyingi ku meza ile tunaomba jengo, juu jengo linapigwa picha. Bomba la maji na sabuni havipigwi picha. Na sheria hiyo hiyo inataka mchimbaji awe mu koperative. Koperative inakata pesa ku kila mfuko. Fato la litre 200, robine mbili, mti wa sabuni: gharama yake siyo mlima. Mwenye kusema haiwezekani atuonyeshe kwanza daftari ya makato.

Kwa hiyo mkutano ujao wa koperative, bila kugombana, tusimame tuulize mambo manne. Fato la maji litakuwa wapi? Nani ana ufunguo wa sabuni? Turubai la wamama wanaochagua mawe litafungwa siku gani? Na watoto, ni nani ambaye kazi yake ni kuwarudisha ku shule wakionekana ku mtoni, kwa sababu ngozi inayoanza kuhesabu ku miaka saba haitafika mbali?

Neno moja tu juu ya lile fato, kwa sababu tumeona mahali pamoja palipowekwa moja na likashindwa. Liliwekwa mbele ya ofisi ya prezida wa koperative, ng'ambo ile ambako mchimbaji anaita "kwa wakubwa", na hakuna aliyekwenda kunawa kule. Fato liwekwe kati ya shimo na mahali pikipiki zinaposimama, ili mtu asiweze kwenda nyumbani bila kulipita.